Mbwa aina ya Yorkshire Terrier ni wa Uskoti au Uingereza?
Ni wa Uingereza, mkuu. Uskoti ni kwa mababu zake tu. Katikati ya karne ya 19 wafumaji wa Kiskoti walihamia Yorkshire na Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, kutafuta kazi kwenye viwanda vya nguo, wakaenda na terrier wao, mbwa wadogo wa kukamata panya, wakapandishwa na wa kule ndo akatokea huyu. Baba wa ukoo ni mbwa aitwaye Huddersfield Ben, kazaliwa 1865 akafa 1871, kaishi miaka 6 tu lakini kaacha watoto kibao! Jina lenyewe limeanza 1870. Ila aina gani hasa zilichanganywa msibishane sana, wale vibarua hawakuwa wanaandika vizazi. Nafuga hawa, wangu akisikia panya darini hatulii kabisa, damu ya kazi bado anayo.