Jibu: Mdogo wangu kila siku "niko poa"

Salaam ndugu. Umesema mdogo wako tangu apunguzwe kazini hali chakula na wenzake, na ukimuuliza anajibu "niko poa" kisha anainamia simu. Niliyaona hayo kwa kaka yangu alipofiwa na mkewe.

Kwanza sikiliza maneno yake. Akianza kugawa vitu vyake, au kusema heri asingekuwepo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili, na Mirembe kule Dodoma, wapo madaktari wa magonjwa ya akili.

Kama hajafikia hatua ya kutaka kujiua, acha kumkalisha kitako na maswali. Kaka alifunguka tukiziba pancha ya pikipiki, mikono imejaa grisi, hatutazamani usoni. Nilianza mimi: "Kaka, tangu shemeji aondoke silali vizuri." Alinyamaza muda mrefu, spana mkononi, halafu akalia. Sikumwambia ajikaze, maana hilo ameshaambiwa tangu utotoni na ndilo lililomfunga mdomo. Nilikaa naye tu.

Mwombe Jumamosi akusaidie kazi yoyote ya mikono, muwe wawili. Utujulishe anaendeleaje.