Bingwa aliyestaafu anafaa kuwa kocha?

Mdau umeuliza kama huyo bingwa wa taekwondo aliyestaafu anafaa kufundisha watoto wetu hapa Kirumba, Mwanza. Mi nasema medali peke yake haitoshi ila ni mtaji mkubwa sana. Mcheki Moon Dae-sung wa Korea Kusini, Athens 2004 fainali ya zaidi ya kilo 80 aliimaliza kwa teke moja la kugeuka, Nikolaidis wa Ugiriki chini, baadae akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dong-A kule Busan. Lakini enzi zake pointi zilitegemea macho ya majaji, tangu Olimpiki ya London 2012 kuna vesti zenye vihisio vya umeme vinavyohesabu pointi zenyewe teke likigusa, kwahiyo bingwa wa zamani lazima akubali kujifunza upya, hapo ndo wengi wanakwama.

Nenda jioni umwangalie huyo bingwa wenu akishika padi ya kupigia mateke, mtoto akirusha teke la kuzungusha je anaangalia na ule mguu uliobaki chini? Kisigino kisipogeuka goti ndo linabeba mzigo wote na mtoto bado anakua jamani. Akisimamisha zoezi kwa ajili ya hilo mpe mwanao, hata kama unatokea Igoma nauli isikuzuie.