Wafo za viungo kwa asubuhi za baridi Arusha

Marekani mdalasini, karafuu, tangawizi na kungumanga huhesabiwa kuwa harufu ya mapukutiko, Septemba hadi Novemba. Kwetu Arusha msimu wake ni Juni hadi Agosti, mawingu yanapoukalia Meru hadi saa tano na maji ya bomba yanauma vidole. Wafo, vile vitafunio vya vijumba vinavyookwa kwenye mashine ya umeme, zinafaa sana asubuhi hizo, ila nyingi zinazopikwa nyumbani hutoka teketeke, na viungo hunukia jikoni kuliko mdomoni.

Vipimo hivi hutoa wafo 6 au 7: unga wa ngano gramu 200, unga wa mchele gramu 50, sukari vijiko vikubwa 2, beking poda kijiko cha chai kimoja na nusu, beking soda robo kijiko, chumvi nusu kijiko, maziwa mgando mililita 350, mayai 2, siagi gramu 80. Viungo: mdalasini kijiko cha chai 1, tangawizi kavu nusu, kungumanga robo, iliki 8 na karafuu 2. Karafuu usizidishe hata moja. Ikizidi, wafo inakuwa chungu na ulimi unakufa ganzi.

Unga wa mchele ni ule ule wa vitumbua. Hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo ndio unaoleta ukavu wa nje. Iliki na karafuu nunua nzima, soko la Kilombero, au la Mbuyuni kama uko Moshi, utwange mwenyewe na kupitisha kwenye chujio la chai. Unga wa viungo uliokaa wazi dukani umeshapoteza nusu ya kazi yake.

Viungo visiingie kwenye unga mkavu. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, epua, mimina viungo humo na koroga kwa nusu dakika. Harufu yao iko kwenye mafuta, na hutoka vizuri ikikutana na mafuta ya moto.

Hapo ndipo baridi inapoharibu mambo. Ukimimina siagi hiyo juu ya mayai na maziwa yaliyolala kwenye friji, inaganda vipunje vipunje na kubeba viungo vyote: utapata madoa makali hapa, na pale hakuna ladha. Weka mayai kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, na maziwa yasiwe ya baridi. Changanya vya maji pamoja, mimina kwenye unga, koroga mara chache tu. Mabonge madogo yaache. Ukikoroga mpaka ulainike, ngano inavuta na wafo inakuwa ngumu kutafuna. Acha dakika 10, unga wa mchele unywe maji.

Beking poda tumepunguza makusudi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na gesi ya beking poda hutanuka zaidi. Ikizidi, wafo huumuka haraka kisha hunywea ukifungua mashine. Moshi mjini ni chini zaidi, ongeza robo kijiko.

Mashine iwe ya moto kwelikweli: tone la maji liruke na kukauka papo hapo. Usiichomeke pamoja na birika la umeme kwenye ekstensheni moja. Paka mafuta ya kupikia, si siagi, maana maziwa yaliyomo kwenye siagi huungua na kunasa kwenye vijumba. Mimina, funga, kisha tazama mvuke, achana na taa ya mashine. Mvuke ukiwa mwingi, ndani bado kuna maji. Ukifungua, wafo inapasuka katikati, nusu juu nusu chini. Mvuke ukipungua karibu kuisha, dakika 4 au 5 hivi, inua taratibu. Ikigoma, funga, iongeze dakika moja.

Usizipange moja juu ya nyingine kwenye sahani, wala usizifunike kwa hotpoti, zinajitokosa zenyewe. Zitandaze kwenye ungo, hewa ipite chini. Asali na ndizi mbivu viwekwe mezani, kila mtu ajimiminie anapokula.

Zinazobaki zipoe kabisa, zifunge kwenye mfuko na kuzigandisha. Kuzipasha moto, tumia kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2 kila upande. Maikrowevu huzirudisha kwenye uteketeke.