Jibu: Mtoto wa miaka 8 hatulii darasani, na naogopa dawa

Pole, Mama Junior. Umesema mwalimu anamwita mwanao mtukutu, na unaogopa dawa za ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia, zitamfanya zezeta.

Wangu nilikuwa namtuma jikoni alete chumvi. Nikimfuata baada ya dakika kumi namkuta anazungusha kifuniko cha birika, chumvi kaisahau kabisa. Nilimchapa sana kwa hilo, na bado linaniuma, maana hakuwa anakaidi.

Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Daktari atakuuliza maswali mengi: dalili zilianza kabla ya miaka 12? Zimedumu miezi 6 au zaidi? Zinaonekana nyumbani na shuleni pia? Kapimeni macho na masikio kwanza, kwani mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana hasikilizi.

Kuhusu dawa, methilifenideti, mojawapo ya dawa za ADHD, huongeza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini. Akionekana kazubaa, mwambie daktari, dozi huenda ni kubwa. Wangu ilimkata hamu ya kula mchana, nikawa namshibisha asubuhi kabla ya kidonge, kisha usiku. Uzito, urefu na presha hufuatiliwa kliniki.

Ila kidonge peke yake hakitoshi. Mpe agizo moja kwa wakati, ukimtazama machoni, na umsifu papo hapo akimaliza. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Na fimbo, dada yangu, nakuomba iweke chini leo.