Aliyekimbia vita akifika kwako, usimdai simulizi

Wifi yangu alifika Uyole Februari 2025, na kwa wiki tatu alilala na raba miguuni. Leso ilifungwa kifundoni mwa mkono wake, ncha ya pili mkononi mwa binti yake wa miaka minane. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, walivukia Rwanda wakaja kupitia mpaka wa Rusumo. Kaka yangu alibaki kulinda duka.

Naandika kwa sababu nilimkosea. Huku Mbeya, tulivyochanganyika na Kongo kwa ndoa na kwa biashara ya Tunduma, kesho mgeni kama huyu anaweza kubisha hodi kwako.

Usiku wa kwanza sebule ilijaa majirani. "Ehe, ilikuwaje?" Akasimulia. Kesho yake wakaja wengine, akasimulia tena. Siku ya tatu alinyamaza, na chakula kikamshinda. Mama akataka aombewe, mimi nikanunua vidonge vya usingizi duka la dawa bila cheti. Akawa anaamka mzito kama mlevi, na hofu iko palepale.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye aliyenifungua macho. Alisema mtu asilazimishwe kusimulia yaliyomtisha, maana kila anapochokonolewa anarudi kulekule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, wa kumsaidia mtu aliyetoka kwenye janga, una mambo matatu: tazama anahitaji nini, sikiliza akitaka kusema, muunganishe na msaada. Vidonge vile pia alivikataa: katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, dawa za usingizi za aina ile hazishauriwi.

Jioni moja nilikuwa nakaanga bisi. Punje za kwanza zilipogonga mfuniko nilisikia kishindo nyuma yangu. Wifi alikuwa chini ya meza, amemlalia mtoto, kiganja kimemziba mdomo. Nilimkimbilia nikamshika bega, akapiga ukelele. Siku hizi nakaa chini, mbali kidogo, nasema taratibu: "Wifi, uko Uyole. Hizi ni bisi. Mimi hapa." Akitulia nampa kikombe cha chai ya moto akishike. Na sauti tunazitangaza mapema: nakaanga bisi, fundi anakuja kugongelea bati. Za malori ya barabara kuu hatuna la kuzifanya.

Kilichomsaidia kuliko yote ni kazi. Siyo kazi ya kumlipisha chakula, hapana, kazi ya kushika kitu mkononi. Siku moja tunachambua maharage alianza mwenyewe. Hakutaja risasi. Alitaja sufuria ya sombe, yaani kisamvu, aliyoiacha jikoni, kwamba alisahau kuifunika. Akalia sana. Nilibana ulimi nisiseme "shukuru Mungu mko hai". Ni kweli, lakini kauli hiyo humfunga mtu mdomo.

Mtoto naye alianza kukojoa kitandani. Usimchape wala usimwaibishe. Badilisha shuka, mrudishe shule mapema, acheze. Simu nayo iangalie. Wifi alikuwa akikesha na video za maiti za WhatsApp, tukakubaliana habari ziwe mchana tu.

Wengi hutulia wakipata usalama na watu wao, lakini si wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyopitia vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, likiwemo kiwewe na sonona. Hayo hutibika, na si pepo. Ukipita mwezi bado anaota vita, anakwepa watu, kazi zinamshinda, mpeleke kituo cha afya uombe huduma ya afya ya akili. Watampa rufaa ikibidi. Akitamka kwamba afadhali afe, nenda siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Makaratasi yasipuuzwe. Mtu asiyejua kama atafukuzwa hapati usingizi hata umbembeleze vipi. Tulikwenda naye Uhamiaji, tukakaa naye kwenye benchi mpaka zamu yake.

Raba anazivua sasa, ila huzipanga kando ya kitanda zikielekea mlangoni, na hakuna anayezisogeza. Kaka hupiga Jumapili, mtandao ukiwepo. Asipopiga, hatumwambii wifi asiwaze. Tunaongeza mkaa kwenye jiko, tunakaa naye mpaka atakapotaka kulala.