Manukato ya wanaume katika hewa ya Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza ni manukato gani ya nyumba kubwa za mitindo yanayomfaa mwanamume wa ofisini hapa Lubumbashi, yenye kudumu kutwa nzima, na ambayo ungeweza kuyavaa pia katika harusi ya mdogo wako mwezi wa Agosti: nimesoma majibu uliyopewa, na karibu yote yanakutajia Sauvage ya Dior. Sisemi kwamba wenzangu wamekupotosha. Nasema kwamba wamejibu neno moja tu la swali lako, lile la kudumu, wakaiacha kando hewa ya mji wetu, ambayo ndiyo inayoamua kama harufu itapendeza au itawakera walio karibu nawe.

Kazi yangu ni kuhudumia mizigo forodhani. Sehemu ya juma nakaa ofisini mjini, na sehemu nyingine niko njiani kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya gari lililojaa watu, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi la malori ya shaba. Katika gari la namna hiyo hakuna anayeuliza manukato ya jirani yake yatadumu saa ngapi. Kila mmoja anasubiri yaishe. Ndiyo maana maoni yangu yanatofautiana na ya wale wanaoyapima manukato kwa saa ya mkononi.

Harufu ya chungwa, ndimu na bergamoti hutokana na molekuli nyepesi, kama vile limonini, ambazo hugeuka mvuke upesi juu ya ngozi yenye joto, ilhali mbao, utomvu, vanila na miski hutokana na molekuli nzito zinazoondoka polepole. Hakuna mtungaji wa manukato awezaye kuikwepa sheria hiyo. Kwa hiyo chupa ikikuahidi ubichi wa ndimu hadi jioni, jua kwamba kinachofika jioni si ndimu, bali ni kitu kingine kilichowekwa chini yake, na katika manukato ya wanaume ya miaka hii kitu hicho mara nyingi ni ambroksani au nyenzo nyingine za maabara zenye harufu kavu ya mbao. Ambroksani huiga sehemu ya harufu ya ambari, ile inayotoka tumboni mwa nyangumi na ambayo wafanyabiashara wa pwani waliijua tangu zamani; siku hizi hutengenezwa kutokana na sklareoli, inayopatikana katika mmea mmoja wa jamii ya mnanaa. Ni nyenzo nzuri ikitumiwa kwa kipimo. Ikizidishwa, chupa za majina mbalimbali hunukia kitu kimoja ifikapo saa nne asubuhi.

Sauvage, iliyotungwa na François Demachy na kutolewa mwaka 2015, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwanzo wake ni mzuri kweli, na wanaoidharau kwa sababu tu kila mtu anayo hawaitendei haki: bergamoti yenye mwanga, pilipili inayowasha kidogo puani, kisha usafi fulani wa shati lililopigwa pasi. Baada ya hapo inanyooka na kubaki ilivyo, kavu, yenye ukali unaokaribia wa chuma, mpaka jioni. Nani asiyetambua kwamba mtu wa Sauvage amepita kwenye korido? Tatizo ni kwamba mwenyewe huacha kuisikia mapema, kwa kuwa pua huchoka na harufu isiyobadilika. Mtu anadhani imeisha, anaongeza mipulizo mitatu, na wenzake ofisini wanafungua madirisha. Wengi wanaolalamika kwamba Sauvage yao haidumu wangepaswa kwanza kumuuliza aliyekaa meza ya pili. Toleo la Elixir la mwaka 2021 ni kitu kingine, lenye mdalasini, kungumanga, iliki na lavenda. Ni zuri, lakini mpulizo mmoja unatosha usiku mzima, na mchana wa Oktoba sitaki hata kulifikiria.

Nataja Oktoba kwa makusudi. Mji wetu uko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,200, na kiangazi chake, kuanzia Mei hadi Septemba, si cha joto jinsi wageni wanavyodhani: asubuhi za Juni na Julai watu huvaa makoti, hewa ni kavu, na ngozi hukauka hadi kupauka. Ngozi kavu haishiki manukato, na hewa baridi haiyainui. Kisha Oktoba inakuja na joto lililojikusanya kabla ya mvua, na chupa ileile uliyoiona dhaifu mwezi wa Julai inakuwa kelele. Maoni mengi tunayoyasoma kwenye mtandao yameandikwa na watu wa Ulaya au Marekani wanaoishi na majira yao wenyewe. Wakisema "ya majira ya baridi" wanamaanisha theluji, ambayo sisi hatunayo. Kwa kiangazi chetu dawa ni rahisi: paka vaselini isiyo na harufu shingoni na kwenye mikono kabla ya kujipulizia, na utaona manukato uliyoyaita mepesi yakikaa hadi saa ya chakula cha mchana na kupita.

Sasa nije kwenye chupa ambayo mimi ningekushauri, nayo ni Terre d'Hermès katika toleo lake la eau de toilette, yaani lile jepesi. Jean-Claude Ellena aliitunga mwaka 2006, kwa chungwa na balungi juu, pilipili katikati, jiwe la gumegume, na vetiveri, mzizi wa nyasi wenye harufu ya udongo na mbao, chini. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu ambaye hajainusa, na sijapata njia bora kuliko kusema kwamba inafanana na saa ile ambapo mvua ya kwanza inadondoka juu ya udongo mwekundu wa hapa, halafu mtu karibu yako akaanza kumenya chungwa. Ndani yake mna nyenzo iitwayo Iso E Super kwa wingi, ambayo pua nyingi huipata na kuipoteza kwa zamu, na hiyo ndiyo inayoifanya harufu ionekane kana kwamba inaondoka na kurudi. Kwenye ngozi yangu inakuwa karibu kimya ifikapo alasiri. Kwenye kola ya koti inabaki hadi kesho yake. Wapo wanaoiona ya kizee. Ni kweli kwamba haimchekeshi mtu wala haimwiti mtu kutoka upande wa pili wa barabara, lakini kwa mwanamume anayeingia mkutanoni na faili mkononi sijui iliyo bora. Toleo la parfum ni zito zaidi na lina chungwa kidogo. Kwa Julai linafaa, kwa mwaka mzima chukua eau de toilette.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hulikoroga. Watu huamini kwamba eau de parfum ni eau de toilette iliyoongezwa nguvu tu. Kwa kawaida kiasi cha viungo vya harufu ni kikubwa zaidi, ndiyo, lakini mara nyingi mchanganyiko wenyewe umebadilishwa: mwanga wa juu umepunguzwa, utamu na mbao vimeongezwa. Bleu de Chanel ya mwaka 2010, kazi ya Jacques Polge, ina balungi na tangawizi iliyochangamka. Eau de parfum yake ya mwaka 2014 ni laini na yenye harufu ya joto zaidi. Na parfum ya mwaka 2018, iliyotungwa na mwanawe Olivier Polge, imejengwa juu ya msandali. Hizo ni chupa tatu zenye tabia tatu. Mimi napenda ile ya tatu, ingawa nakiri kwamba Bleu yoyote ni chaguo la mtu asiyetaka kubishana na yeyote, na pengine ndicho unachokihitaji.

Acqua di Giò ya Armani, ya mwaka 1996, nitaipitia haraka. Bado inapendeza saa za joto, na Oktoba ni mwezi wake, lakini inaondoka mapema. Cool Water ya Davidoff, iliyotungwa na Pierre Bourdon mwaka 1988, inastahili heshima kuliko inayopewa. Kosa lake ni kufanikiwa mno, kwa maana nyenzo iliyoitegemea, dihidromirsenoli, imemwagwa pia kwa wingi katika sabuni na dawa za kufulia, na leo kijana akiinusa anasema inanukia bafu. 1 Million ya Paco Rabanne, ya mwaka 2008, ni tamu kiasi kwamba ndani ya gari la Kasumbalesa ningeomba kushuka.

Fahrenheit ya Dior, nayo ya mwaka 1988, ningependa kila mtu ainuse angalau mara moja. Majani ya urujuani (ua liitwalo violet) na harufu ya ngozi ya viatu vimeunganishwa humo hadi vinatoa harufu ya petroli, na hilo lilifanywa kwa makusudi na linavutia. Ila mtu anayeishi kati ya malori na wauza mafuta wa kando ya barabara anaweza kujiuliza kwa nini alipe fedha nyingi kwa kitu anachokipata bure.

Eau Sauvage, ya Dior pia lakini usiichanganye na Sauvage, ni ya mwaka 1966, na mtungaji wake ni Edmond Roudnitska. Ndiyo iliyoipa umaarufu hedioni, molekuli yenye pumzi ya asumini, iliyofanya ndimu ionekane ina hewa ndani yake. Haidumu. Nasema bila kuitetea, haidumu, na bado ndiyo ninayoitia mfukoni katika kichupa kidogo siku za joto, kwa sababu kujipulizia tena saa saba mchana ni furaha kuliko kubeba harufu moja nzito tangu alfajiri. Vilevile ndiyo pekee ninayothubutu kuivaa nikienda kilioni. Katika turubai la msiba, ambako watu wamekaa begani kwa bega, manukato yenye sauti ni ukosefu wa adabu, hata kama hakuna atakayekuambia.

Uwe mwangalifu pia na maoni ya zamani. Mchanganyiko ndani ya chupa hubadilika huku jina likibaki lilelile, wakati mwingine kwa sababu ya gharama, na mara nyingine kwa sababu ya sheria: Umoja wa Ulaya umepiga marufuku atranoli na kloroatranoli, molekuli zinazosababisha mzio, zilizokuwamo katika kuvumwani ya mwaloni (oakmoss) iliyotumika sana katika manukato ya kiume ya zamani, na tangu Machi 2022 umeiondoa Lilial pia, nyenzo ya maabara yenye harufu ya maua. Mfano mkubwa kuliko yote ni Dior Homme. Ile ya mwaka 2005, ya Olivier Polge, ilijengwa juu ya irisi, mzizi unaokaushwa kwa miaka kabla ya kutumika, wenye harufu ya poda iliyopoa. Chupa inayouzwa kwa jina la Dior Homme tangu 2020 ni ya mbao, na haina uhusiano wa kweli na ile ya kwanza. Anayetaka irisi aitafute katika Dior Homme Intense.

Kuhusu mahali pa kununua, chupa nyingi zinatufikia kupitia Dubai, mikononi mwa wafanyabiashara wanaosafiri, na zimo za kweli na za uongo. Sauvage ya mililita 100 huko Ulaya inauzwa zaidi ya dola 100, hivyo anayekupa kwa dola 25 "kwa sababu ni wewe" hakupendi kiasi hicho. Linganisha namba ya toleo iliyopigwa chini ya kisanduku na ile iliyo chini ya chupa. Kifuniko cha Bleu de Chanel kina sumaku, na kikirudishwa kinajipanga chenyewe. Kikizunguka ovyo, rudisha. Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwamba namba zilitofautiana kwa sababu kiwanda kina mashine mbili, nikamwachia chupa yake. Manukato ya Dubai yanayoiga waziwazi kwa jina lao wenyewe, kama Club de Nuit Intense Man ya Armaf inayoifuata Aventus ya Creed, sina ugomvi nayo: unajua unachonunua, na mengine ni mazuri. Ninachokikataa ni maji yasiyojulikana ndani ya chupa yenye jina la mwingine, kwa kuwa huwezi kujua yatakufanya nini ngozini.

Basi kwa ofisi, nunua Terre d'Hermès, eau de toilette, chupa ndogo, mipulizo miwili chini ya shati na mmoja kwenye bitana ya koti, si kwenye shati jeupe maana linaweza kubaki na alama. Usiinunue kabla ya kuijaribu juu ya mkono wako mwenyewe na kuendelea na shughuli zako hadi jioni, maana karatasi ya dukani inakuonyesha dakika za mwanzo tu. Kwa harusi ya Agosti mambo ni tofauti. Usiku utakuwa na ubaridi, watu watacheza, na utamu kidogo hautamkera mtu. Hapo Dior Homme Intense inakwenda vizuri na suti ya giza. Ikikushinda bei, Le Male ya Jean Paul Gaultier, ambayo Francis Kurkdjian aliitunga mwaka 1995 kabla hajafikisha miaka 30, ina lavenda, mnanaa na vanila za kutosha kukufikisha hadi keki ikatwe. Jipulizie kabla ya kuondoka nyumbani, si mlangoni mwa ukumbi.