Mbona mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu?

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri: kama mwezi mpevu huwa upande wa pili wa dunia, mkabala na jua, mbona haupatwi kila mara? Mimi lawama naitupia michoro ya vitabuni, inayouweka mwezi puani mwa dunia. Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, hivyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli chetu.

Zima taa, bakisha balbu moja. Kila mmoja achomeke mpira mdogo kwenye penseli, anyooshe mkono, kisha ajizungushe taratibu. Kichwa chake ndicho dunia. Akiipa balbu mgongo, mpira ukiwa usawa wa kichwa unaingia kivulini. Akiuinua kidogo, unang'aa wote. Hapo utasikia "aaa!" ya darasa zima. Na wale wanaodhani nusu mwezi ni kivuli cha dunia (hawakosekani) watajionea kwamba balbu ikiwa ubavuni, mpira ni nusu tu bila kivuli chochote.

Ukitaka vipimo, dunia ya sentimita 12 inahitaji mwezi wa sentimita 3 na kidogo, mita 3.6 kutoka hapo.